Si mota, ni pedeli

Ndugu mwandishi, umeihukumu mota ya cherehani mapema mno. Cherehani ya umeme ikikimbia yenyewe bila mguu kugusa pedeli, mara nyingi ni kapasita ya ndani ya pedeli iliyokufa. Chomoa waya ukutani kwanza, ndipo ufungue. Kapasita mpya iwe ya kuhimili umeme wa ukutani, si ile ya kung'olewa kwenye redio mbovu! Kwenye pedeli za Singer nyingi za zamani utakuta visahani vya kaboni vilivyopangana. Vikilika, mashine haijui tena kwenda polepole. Na zile za Marekani, za volti 110, ukizichomeka hapa Bujumbura bila transfoma utaunguza mota na pedeli. Mafundi wa mtaa wa Buyenzi wanaokanyaga cherehani za mkanda wa ngozi wanatucheka tu.