Kitanda au Mbwa?
Huko Uingereza, nchi yenye utajiri mkubwa, wako watu wanaolala vibarazani mwa maduka, na jamaa yao pekee ni mbwa. Nyumba nyingi za hifadhi hukataa wanyama, na wako wanaochagua kubaki kwenye baridi kuliko kumwacha mwenzao. Msomaji aliyezoea mbwa wa kulinda boma huenda akacheka. Asicheke: aliyekwisha kupoteza kazi, nyumba na ndugu haambiwi amtupe na huyo aliyebaki.

Tangu mwaka 2016, madaktari wa mifugo wa kujitolea wa StreetVet huwafuata mitaani, wakitibu na kuchanja bure. Tunawapongeza. Lakini sindano si paa. Halmashauri zinazogharimia nyumba hizo hazina budi kushurutisha wote wawili wapokelewe.