Sikio la Nyumbani na Kina cha Mtunzi wa Ziwani

Ipo kauli inayorudiwa mara kwa mara katika mabaraza ya ushairi, kwamba sisi watunzi wa bara, hasa wa kandokando ya Ziwa Viktoria, hatuna budi kuazima sikio la pwani kabla ya kuthubutu kutunga kwa Kiswahili. Husemwa kwa upole, mara nyingi kwa nia njema, na matokeo yake ni shaka isiyomfaa mtunzi hata chembe. Nimetunga nyimbo za kwaya na za harusi hapa Mwanza kwa miaka mingi. Shaka naijua kwa jina na kwa sura. Siipingi. Mtunzi asiye na shaka hunichosha kabla ya ubeti wa pili. Ninachopinga ni kumkabidhi ukadhi wa wimbo mtu asiyemjua anayeimbiwa.

Nitatoa mfano mmoja tu, nao ni mdogo kama punje ya mtama: sauti za r na l. Kisukuma, lugha ya mama yangu mzazi, hakina r inayojitenga na l. Mama akitamka "bahari" na "asali", silabi za mwisho huwa moja, na kwa sikio lake hivyo ni vina kamili. Kwa arudhi iliyoandikwa, ri na li ni vina viwili, na ubeti unaovichanganya ni guni. Mwenye haraka atahitimisha kwamba sikio la mama lina upungufu. Basi na aketi naye jioni moja. Kisukuma kina irabu saba, mbili zaidi ya Kiswahili. Yapo maneno ambayo sisi tungeyaandika kama pacha, naye angetucheka tukiyapanga kuwa vina. Tena ni lugha ya toni: muziki ukipanda mahali neno linaposhuka, maana huyumba. Mtu aliyelelewa humo hujifunza mapema kwamba neno lina wimbo wake kabla mtunzi hajalitia wimbo. Sikio hilo lina wingi wake, ila si wingi ule unaotahiniwa.

Mwaka jana binti yangu, ambaye ana miaka kumi na mitatu na hufundishwa vyema shuleni, alimsahihisha bibi yake mbele ya wageni. "Bibi, watu hupiga kura, hawapigi kula." Tulicheka sote, na mama alicheka kutushinda. Lakini tangu siku ile, tukiimba nyumbani, nimemsikia akipunguza sauti kila anapolikaribia neno lenye r. Mwanamke huyu ndiye aliyenifunza kuongoza na kuitikia. Sasa anajificha ndani ya kiitikio.

Hapo ndipo suala la vina lilipoacha kuwa la kitabuni kwangu. Nikitunga kwa sikio la binti peke yake, bibi yake hana pa kusimama. Nikitunga kwa sikio la bibi peke yake, binti ataona haya mbele ya wenzake, na walimu watakuwa na haki ya kuuliza.

Tukumbuke kwamba uhuru huu tunaoulilia si mgeni katika ushairi wetu. Muyaka wa Mombasa alitunga kwa Kimvita chake. Washairi wa Amu wametunga karne kwa karne wakisema "ndia" palipo na "njia", na "mato" palipo na "macho", na hakuna mhariri mwenye akili aliyewashika mkono awarekebishie. Tunaita hazina, tunaandika tanbihi, tunasonga mbele. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilisanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja kwa ajili ya shule na vitabu, na kazi hiyo ilikuwa na manufaa yake. Lakini haikufuta masikio ya watu. Kwa nini basi lahaja ya kisiwani iitwe utamu, na matamshi ya ziwani yaitwe kosa?

Najua jibu litakalotolewa: Amu na Mvita ni Waswahili tangu asili, ninyi ni wanafunzi. Haya. Lakini kitabu ambacho wengi wetu tulikitumia kujifunza sheria zenyewe, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kilichotoka mwaka 1954, kiliandikwa na Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Mathias Mnyampala alikuwa Mgogo. Na katika kizazi cha karibu, kijana wa Mwanza, Fid Q, aliipa albamu yake jina la Vina Mwanzo, Kati na Mwisho, jina ambalo lingempendeza mwalimu yeyote wa arudhi. Bara halijawahi kuwa mwanafunzi tu.

Mfano unaonigusa zaidi uko jirani, ng'ambo kidogo ya maji, Ukerewe. Aniceti Kitereza hakuwa mtunzi wa nyimbo, alikuwa mwandishi wa riwaya, lakini swali lake lilikuwa hilihili: niandike kwa sikio la nani? Aliandika kwa Kikerewe habari za mume na mke wanaotafuta mtoto, yeye ambaye watoto aliojaliwa na mkewe Anna Katura walifariki wakiwa wadogo. Alimaliza mwaka 1945. Hakupata mchapishaji. Uzeeni akaifasiri kazi yake mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980, miaka thelathini na mitano baadaye. Mwaka uliofuata akafariki. Sitaki kumwekea maneno kinywani kuhusu shaka zake. Natazama mpangilio wa kazi tu: kwanza sikio la nyumbani, kisha lugha ya taifa, na mkono uleule ukafanya yote mawili.

Kwangu, nyumba ndiyo karakana. Mke wangu huuza dagaa Mwaloni, Kirumba. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikikolea taa hazivuti samaki, mitumbwi hupumzika. Siku za giza yeye huondoka kabla ya alfajiri, nami hubaki na uji, sare za shule na ndoo za maji. Kalamu haina nafasi. Wimbo huishi mdomoni tu, majuma mawili hivi. Unaosahaulika siulilii. Uliobaki humngoja mwezi ukue na mama watoto atulie, kisha nauimba mbali kidogo, kama simwimbii yeye. "Baba watoto, huo si ule wa mwaka jana?" Sentensi hiyo imeua nyimbo zangu nyingi kuliko hakimu yeyote, na zote zilistahili kufa.

Wasukuma wanalijua jambo hili kwa ukubwa zaidi. Katika mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, watazamaji huamua kwa miguu: hulihama kundi lililopwaya na kulizunguka lililokolea. (Wazee husema dawa nayo ilikuwa na kazi yake.) Mtunzi huiona hukumu yake ikitembea, na mwenye kuihukumu ni jirani yake.

Msimamo wangu basi ni huu. Shairi la kuchapishwa nalitunga kwa arudhi, ri mahali pake na li mahali pake, bila manung'uniko. Wimbo wa kuimbwa ziwani nauruhusu ukutanishe ri na li, kwa kujua, isipokuwa pale maana inapoweza kupotea. Kura na kula sivikutanishi. Wataosema huu ni mlango wa uvivu nawaomba jambo moja: wausome ubeti kwa sauti, mbele ya anayeimbiwa, kabla ya kuupiga mstari mwekundu.

Nina wimbo wa harusi mkononi ambao kiitikio chake kinasimama juu ya vina hivyo. Binti ataimba sauti ya kwanza na r zake za shuleni; nimempa bibi yake kiitikio chote, na l zake zote. Binti aliusoma, akanyamaza, kisha akauliza kama Bibi atasimama mbele au nyuma. Nikamwambia mbele. Mazoezi yanaanza giza likiisha.