Waraka wa wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa TBS: kontena linapogeuka duka

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,
Shirika la Viwango Tanzania,
Dar es Salaam.

Tunakuandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe liko barabarani: kontena. Kuna lililogeuzwa duka la dawa, kuna la mama lishe, kuna la ofisi, na kuna linalolalwa na watu.

Kiwandani kontena halitengenezwi kwa kukisia. Zaidi ya tisa katika kila kumi duniani hutoka China, na kila linalosafirisha shehena kimataifa hubeba kibao cha Mkataba wa Usalama wa Makontena wa mwaka 1972. Kibao hutaja lilitengenezwa lini, linaruhusiwa uzito gani na linahimili mzigo gani juu yake. Lakini mkataba huo hulilinda likiwa safarini. Likishauzwa chakavu na kushushwa kwenye kiwanja cha mtu, kibao hakimlindi tena aliyemo ndani. Hapo ndipo tunapoomba mkono wako uanze.

La kwanza ni sakafu. Sakafu ya kontena la kawaida ni plaiwudi ya milimita 28, na mara nyingi hutiwa dawa ya kuua wadudu ili mbao zisiwahamishe kutoka nchi moja hadi nyingine. Dawa hiyo huandikwa pale pale kibaoni. Mnunuzi wetu hakisomi kibao, na rangi mpya ikipakwa kinapotea kabisa. Kisha juu ya sakafu hiyo hupangwa magunia ya unga, au hutandikwa mkeka wa mtoto. Je, ni lini muuzaji atalazimika kumpa mnunuzi taarifa ya sakafu kwa Kiswahili, na kuing'oa pale kontena linapokusudiwa kwa chakula au malazi?

La pili ni kuta. Uzito wa kontena hubebwa na nguzo nne za pembeni, na bati la mikunjo, lisilozidi sana milimita mbili, huizuia fremu isipinde. Fundi anayekata ubavu mzima ili aweke kioo anaondoa kizuizi hicho, na pengine kesho yake kontena jingine linapandishwa juu. Tunaomba mchoro rahisi wa mfano: tundu lisizidi kiasi gani, na chuma gani kirudishwe kulizunguka.

La tatu ni umeme. Katika nyumba ya tofali, waya uliochubuka huhatarisha anayeugusa. Katika kontena lisilo na waya wa ethi, waya huo ukigusa bati, ukuta, mlango na komeo vyote vinaweza kuwa na umeme. Je, shirika lako na mamlaka za umeme mna sharti moja la ukaguzi kabla kontena halijaunganishwa?

La mwisho ni fundi mwenyewe, na hatuandiki kumshitaki. Kiwanda cha makontena mapya hukaa mahali penye shehena nyingi ya kuondoka. Sisi tunaagiza zaidi kuliko tunavyouza nje, hivyo matupu hutubakia. Kwa hiyo kuyakarabati na kuyageuza ndiyo tasnia yetu ya makontena, na fundi wa kuchomelea ndiye kiwanda chenyewe. Rangi ya kwanza ya kontena huwa na zinki, na akiichoma bila kuikwangua huvuta moshi unaomletea homa. Anastahili mafunzo na cheti. Je, mtakaa na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kuyaandaa?

Huenda baadhi ya haya mmekwisha kuyawekea viwango. Kama vipo, tupatieni namba zake nasi tutazichapisha kwa lugha anayoisoma fundi. Kama havipo, tuambieni vitaanza kuandikwa lini. Nafasi hii hii ya gazeti tunaihifadhi kwa jibu lako.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mhariri