MASTAA, ACHENI KUTUUZIA KRIMU ZA FANGASI!

Wadau, leo nawachana laivu. Kuna staa wa Bongo Movie, jina lake kapuni, kila siku anaposti krimu ya kumaliza fangasi siku tatu. Komenti zimejaa "naipataje?" Hebu tulieni kwanza.

Krimu nyingi za mchanganyiko zina stiroidi, kama klobetasoli. Muwasho unakata fasta, unashangilia, kumbe fangasi wanazidi kusambaa na ngozi inakuwa nyembamba mpaka inatoka michirizi.

Mapunye ndo kabisa, krimu haifiki kwenye mzizi wa nywele. Yanataka vidonge, tena wiki kadhaa. Kucha za miguu? Terbinafini ya kumeza kwa kawaida ni wiki 12. Sasa hizo siku tatu zimetoka wapi?

Ila vidonge navyo usijinunulie kienyeji. Ketokonazoli ya kumeza inaweza kuharibu ini, ndo maana mwaka 2013 wadhibiti wa dawa Ulaya walishauri isimamishwe kwa fangasi.

Staa analipwa, ngozi ni yako. Kapime, soma boksi, maliza dozi. Timu staa, mna la kujibu? Tukutane hapo chini!