Mfadhili Amlipie Mwanafunzi, Asikilipie Chuo

Wanafunzi wa Marekani wanaokaribia kumaliza sekondari huhimizwa waombe ufadhili popote wanapoweza: serikali ya jimbo, kanisa, klabu ya Rotary ya mtaani, kampuni anakofanya kazi mzazi. Ushauri huo una mantiki, kwa kuwa gharama ya mwaka mmoja katika vyuo binafsi vyenye jina sasa inapita dola 80,000, na mfadhili mmoja wa dola 1,000 au 2,000 hafiki mbali. Kasoro iko kwenye kujumlisha. Chuo kikijua kwamba mwanafunzi amepata dola 5,000 kwingine, kinaweza kupunguza dola hizohizo 5,000 kwenye ruzuku ambayo kilikuwa kimemwahidi. Kijana aliyekesha akiandika insha za kuomba ufadhili anabaki na deni lilelile, na aliyepata nafuu ni chuo. Naona mtindo huu unapaswa kupigwa marufuku kwa sheria.

Tuchukue mfano wa kubuni. Gharama ya mwaka ni dola 60,000 na familia imekadiriwa kuweza kutoa 10,000. Chuo kinaziba pengo kwa ruzuku ya 44,000, mkopo wa 3,500 na kazi ya kibarua chuoni ya 2,500. Mwanafunzi akileta dola 6,000 kutoka kwa wafadhili wawili, chuo chenye utu kitafuta mkopo na kibarua. Chuo kingine kitashusha ruzuku hadi 38,000 na kumwachia mkopo wake na zamu zake za usiku maktabani. Sasa mtazame mwenzake wa familia tajiri, asiyepewa msaada wowote kwa kigezo cha uhitaji. Akishinda dola hizohizo 6,000, bili yake inashuka kwa 6,000 kamili, kwa sababu hana ruzuku ya kukatwa. Adhabu basi inamwangukia mhitaji peke yake.

Vyuo hujitetea kwa sheria ya serikali kuu, inayokataza misaada ya uhitaji ya serikali hiyo kumpa mwanafunzi zaidi ya uhitaji wake. Ni kweli, na katika mfano wetu lazima kitu kikatwe. Lakini sheria hiyo hailazimishi kisu kianzie kwenye ruzuku ya chuo. Mkopo na kibarua vipo, na vyuo kadhaa huanza navyo kwa hiari. Utetezi wa pili una uzito zaidi: fedha zinazookolewa zinaweza kumsaidia mhitaji mwingine. Huenda. Hata hivyo, mfadhili alimchagua mwanafunzi fulani, wala hakuombwa kuchangia bajeti ya chuo, na mara nyingi hana njia ya kujua fedha zake zimeishia wapi. Wako pia wanaosema kwamba ufadhili wa alama unawanufaisha zaidi walio nacho. Lawama hiyo imeuandama kwa miaka mingi mpango wa HOPE wa Georgia, ulioanza mwaka 1993 na unaolipiwa na bahati nasibu, na mimi sina hamu ya kuipinga. Ila ukimnyang'anya maskini mmoja alichokishinda, pengo kati yake na walio nacho linazidi kupanuka.

Kwamba marufuku ya aina hii inawezekana, Maryland ilishaonyesha mwaka 2017 ilipokuwa jimbo la kwanza kuvizuia vyuo vyake vya umma kukata ruzuku kwa sababu ya ufadhili wa nje, isipokuwa katika mazingira machache kama misaada yote inapozidi uhitaji wa mwanafunzi. New Jersey ilifuata mwaka 2021. California ilipitisha yake mwaka 2022, ikavigusa hata vyuo binafsi, lakini inawalinda tu wanafunzi wenye sifa ya kupata ruzuku ya serikali kuu iitwayo Pell au msaada wa jimbo kwa vijana wasio na hati za ukaazi. Kijana anayekwenda na viza ya mwanafunzi kutoka Mwanza au Mombasa hayumo katika makundi hayo. Kabla hajakubali nafasi, aulize kwa barua pepe na ajibiwe kwa maandishi: nikipata ufadhili mwingine, mtakata nini kwanza? Majibu ya simu hayatamsaidia Agosti, bili ikishatoka.