Mfadhili Akiondoka, Programu Inabaki na Nani?

KUTOKA PONGWE
Na Hemedi Mhina

Sisi wa Pongwe tumezoea kiwanda cha saruji kubadilisha wenyewe. Mwaka 2023 hisa nyingi za Tanga Cement zilinunuliwa na Scancem, kampuni ya kundi la Heidelberg ambalo tayari lilikuwa na kiwanda cha saruji cha Twiga mkononi, na maneno yakawa mengi kuhusu ushindani wa soko. Mwaka uliofuata zikachukuliwa na kampuni ya Amsons. Katika yote hayo hakuna mtu wa hapa, awe fundi wa tanuri au dereva wa lori, aliyeweza kusema: huyu simtaki, nabeba kiwanda nakwenda kukisimamisha Muheza.

Kwenye programu huria jambo hilo linawezekana. Msimbo uko wazi, na leseni inamruhusu yeyote kuunakili, kuubadilisha na kuendelea nao. Ndiyo maana ukiwauliza wapenzi wa programu hizi kama hawaogopi kampuni kubwa inayowalipa mishahara, jibu huja upesi: wakituudhi tunanakili, tunaondoka. Ni kweli, ila ni nusu ya habari.

Mwishoni mwa mwaka 2004 Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikishirikiana na kampuni ya Sweden iitwayo IT+46, ilitoa Jambo OpenOffice. Mtu akaweza kuandika barua na kupiga hesabu za jedwali huku menyu zote zikimsemesha Kiswahili, bila kulipa senti. Mwaka huohuo Microsoft nayo ilikuwa imetangaza kwamba inaandaa Office ya Kiswahili. Wasomi wetu walijivunia, na walikuwa na haki. Walichokitafsiri, hata hivyo, kilikuwa kimesimama juu ya mfuko wa kampuni moja ya California, Sun Microsystems, iliyouweka wazi msimbo wa OpenOffice mwaka 2000 na kuendelea kuwalipa wengi wa waandishi wake.

Januari 2010 Oracle ikaimeza Sun. Oracle ni wafanyabiashara wa hifadhidata, na hawakununua Sun kwa ajili ya kutunza programu ya bure ya kuandikia barua. Septemba mwaka huohuo kundi la waandishi na watafsiri likajitenga, likaanzisha The Document Foundation na kuipa programu yao jina la LibreOffice. Jina la zamani hawakuweza kwenda nalo. Leseni inakupa msimbo, lakini alama ya biashara hubaki kwa mwenyewe, na mwenyewe alikuwa Oracle. Waliojitenga huku bado wakikalia viti kwenye baraza la mradi wa zamani waliambiwa waviachie. Mwaka 2011 Oracle ilichoka, ikaukabidhi mradi huo wa zamani kwa taasisi ya Apache.

Hadithi hii husimuliwa kama ushindi, nami sina ugomvi na hilo. Ninachotaka kitazamwe ni kilichowawezesha kuondoka. Walipotoka nje, miongoni mwao walikuwamo watu ambao mishahara yao ililipwa na kampuni nyingine, Novell na Red Hat, kwa hiyo Oracle haikuwa na uwezo wa kuwalaza njaa. Walipohitaji euro 50,000 za mtaji wa kusajili taasisi Ujerumani, Februari 2011, michango ya watumiaji ilizifikisha kwa siku nane. Mradi ungekuwa na mlipaji mmoja tu, msimbo ungebaki wazi na usingekuwa na wa kuuandika. Hata Linux, ambayo wengi huidhania kazi ya wapenzi wa usiku, zaidi ya asilimia 80 ya kiini chake huandikwa na watu walio kazini kwenye makampuni. Inachokingwa nacho ni wingi wa makampuni hayo, ambayo mengine ni washindani wakubwa.

Sasa turudi nyumbani. Takwimu za afya za nchi hii, zile zinazoanzia kwenye vitabu vya kumbukumbu za huduma, vya MTUHA, katika kituo cha afya kama cha hapa Pongwe, huishia kwenye mfumo wa DHIS2. Ni programu huria. Kiini chake hutunzwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na miongoni mwa waliokifadhili kwa miaka mingi wamo Norad, shirika la misaada la Norway, Global Fund na PEPFAR, mpango wa UKIMWI wa Marekani. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, hata mfumo wa takwimu wa PEPFAR yenyewe, uliojengwa juu ya programu hiyohiyo, ulifungwa. Takwimu zetu zilibaki kwa Wizara ya Afya. Hiyo ndiyo faida ya uhuria, na si ndogo. Lakini mashirika mengi yaliyokuwa yakiwalipa vijana wa takwimu mikoani yalitegemea mfuko uleule, na mshahara hauna leseni ya kuunakili.

Tuna nafuu moja: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina kikundi cha wataalamu wa DHIS2 walioandika nyongeza zinazotumika hata nje ya nchi. Ujuzi upo, ila umezoea kulishwa kwa miradi, na mradi una tarehe ya mwisho.

Simwambii mtu akatae fedha za Norway au za kampuni yoyote. Ninachosema ni kwamba nchi inayoendesha mfumo wa kitaifa juu ya programu huria ilipe, kwa bajeti yake yenyewe, mishahara ya waandishi wachache wa kudumu wanaoujua msimbo hadi kiini, na kazi yao irudi kwenye kiini hicho ili tuwe na sauti kinapoamuliwa. Mamlaka ya Serikali Mtandao ipo kisheria tangu 2019, na hili linaweza kuanzia hapo.

Nitaambiwa wataalamu hao ni ghali. Basi kifungu cha mishahara yao kitangulie kile cha posho za kujikimu. Semina za kufundishana kubonyeza mfumo tumeshakaa za kutosha, na nyingi zililipiwa na mfadhili yuleyule.