Mtungi Haujazwi kwa Barua

Wako wenzetu, wafanyakazi wanaowaongoza wazamiaji toka Pemba hata Mafia, ambao huingia katika duka la vifaa la jirani, wakajaribu miwani na mapezi, wakauliza bei, kisha wakaenda kuviagiza ng'ambo kwa intaneti kwa bei nafuu. Hatuwalaumu kwa kutafuta unafuu, maana mshahara una mipaka. Twawaomba tu wapime jambo hili kwa mizani ya haki.

Mtungi wa hewa haujazwi kwa barua. Hujazwa kwa mtambo ulio hapa hapa, wenye machujio yanayotaka kubadilishwa ili mafuta na unyevu visiingie mapafuni. Chombo cha kupumulia nacho chataka fundi wa kukifungua na kukikagua. Katika kina cha mita 10 mzamiaji hubeba kani maradufu ya ile ya juu ya maji. Huko hakuna wa kumrudishia kifaa kibovu. Faida ya miwani na mapezi ndiyo inayosaidia kuulipia mtambo huo na fundi huyo. Duka likifungwa, mtungi utajazwa wapi?

Lakini wenye maduka nao wajue kwamba ujirani si ruhusa ya kunyonya. Waweke bei ya haki, wafanye kazi safi, na wawafundishe vijana wa kijiji ufundi huo.

Ndugu, usiache mbachao kwa msala upitao.